Inveta ya Mama Mdogo, Kutoka Moroni Hadi Mutsamudu

Mliniuliza barazani siku niliporudi, nami nikajibu kwamba safari ilikuwa njema, alhamdulillahi, nikaomba kahawa. Niliwajibu kwa adabu tu. Safari haikuwa njema. Nimerudi na hasira na mpaka leo hazijanitoka, na kwa kuwa kila nikisimulia kwa mdomo najikuta namwonea mtu, nimeona bora niandike. Nikiandika naweza kufuta. Shule yangu mnaijua ilipoishia, basi mkikuta sentensi imepinda inyoosheni wenyewe.

Ya pasipoti na tiketi nayaacha. Hayana ladha.

Unguja hadi Hahaya

Wengi mnamkumbuka mama mdogo Zakia, ndugu yake mama, aliyekuwa akikaa Malindi kabla hajarudi kwao Mutsamudu, kisiwani Anzwani. Ana pumu. Binti yake aliyeko Ufaransa alimletea mashine ndogo yenye mota, inageuza dawa ya maji kuwa moshi mwembamba, mgonjwa anauvuta kwa barakoa na kifua kinafunguka. Mashine nzuri, sina la kuisema. Ila inataka umeme wa ukutani, na umeme wa ukutani Mutsamudu siku zile ulikuwa ukikatika zaidi kuliko ulivyokuwa ukiwaka. Ramadhani iliyopita kifua kilimbana mashine ikiwa imechomekwa kando ya kitanda, na ukutani hamna kitu. Walimpepea kwa mikono mpaka akarudi. Mwanawe, Nasuru, akatuma habari kwamba mara nyingine huenda asirudi.

Nasuru ana pikapu ya Pijo, anabeba watu na mizigo kati ya Mutsamudu na Ouani. Shauri likawa itafutwe inveta, yaani kile kisanduku kinachochukua umeme wa betri ya gari na kuugeuza uwe kama wa ukutani, ifungwe kwenye pikapu, na mashine ya mama mdogo ipate umeme humo. Nikatajwa mimi, kwa sababu niliwahi kuchaji betri za magari pale Darajani. Kuchaji betri si kujua umeme. Nililisema hilo kwa mdomo na sasa nalisema kwa maandishi.

Kwa nini nisinunue hapa kwetu? Mnajua maduka yetu yalivyokuwa siku naondoka. Tulikuwa tunatafuta sabuni. Moroni kulikuwa na vitu vya Kifaransa.

Ndege ilichelewa Dar es Salaam tangu asubuhi hadi alasiri na hakuna aliyetuambia sababu. Tulipotua Hahaya, kiwanja cha ndege cha Ngazija, niliwaona wale wazungu kwa mara ya kwanza. Mnajua habari zao: mamluki, askari wa kukodiwa, walioingia kwa bahari wakaiangusha serikali kisha wasiondoke. Walivaa nguo nyeusi. Mmoja aliusogeza mkoba wangu kwa kiatu. Kwa kiatu, si kwa mkono. Akaona kipima asidi changu, ile chupa ya kioo yenye mpira juu tunayopimia betri, akauminya ule mpira mara mbili tatu, akamwonyesha mwenziwe, wakacheka. Askari wa nchi waliosimama nao walitazama chini. Hakukivunja, nisimsingizie. Alikirudisha mahali pake. Lakini hakusema neno na mimi hata moja, kama kwamba mkoba umekuja peke yake.

Hasira zangu zilianzia hapo.

Moroni: Badjanani

Nilifikia kwa mjomba Abudu, katika vichochoro vya Badjanani karibu na msikiti wa kale wa Ijumaa. Kabla sijaendelea niseme kwamba maneno ya watu wa kule nimeyaweka kwa Kiswahili. Wao wana lugha yao, ya Ngazija mbali na ya Anzwani mbali, na mimi naisikia nusunusu kwa sababu ya mama. Huenda pengine nimemtilia mtu neno asilolisema.

Mjomba Abudu ni mtu aliyekwisha kufanya ndoa kubwa, ile harusi ya mila inayomaliza ng'ombe na dhahabu, na kule mwanamume asiyeifanya ni mtoto hata akiwa na mvi. Mimi sijaifanya. Basi nilipewa heshima yote ya mgeni na hakuna rai yangu hata moja iliyosikilizwa. Nilipomkabidhi mkewe mjomba zawadi ya karafuu, akasema "marahaba". Nikajiuliza kwani nimemwamkia lini. Kumbe kule ndiyo ahsante. Siku nzima watu wakinishukuru mimi nadhani wananikumbusha kuwa ni mdogo.

Chakula kilikuwa kizuri. Mkate mrefu wa Kifaransa asubuhi, mchana mataba, ambayo ni kama kisamvu chetu lakini yametwangwa mpaka yamelainika kabisa ndani ya nazi, na pilipili wanaiita putu iliyonitoa machozi mbele za watu. Kwa chakula sina malalamiko.

Malalamiko yangu ni kwamba duka liko Magoudjou, mwendo mfupi, nasi tulitumia asubuhi nzima kufika. Mjomba kila baada ya milango miwili anaamkiwa, na kila akiamkiwa anasimama, anauliza wa nyumbani mmoja mmoja, kisha ananionyesha.

"Huyu mtoto wa dada yangu wa Unguja. Kaja kumnunulia mama yake umeme."

"Umeme wa kununua? Unauzwa kwa kilo?"

"Muulize yeye. Mimi nimekuja kumsindikiza."

Wakacheka. Nami nikacheka, maana ningefanyaje.

Magoudjou: inveta tatu

Mwenye duka, Bakari, alizaliwa Ng'ambo hapahapa Unguja, na Kiswahili chake ni kama chetu. Alimpa mjomba kiti. Mimi nilisimama.

Alikuwa na inveta tatu juu ya kaunta. Ndogo imeandikwa wati mia na hamsini, ya kati mia sita, kubwa elfu moja.

"Unataka kuwashia nini, ndugu yangu?"

"Mashine ya kifua. Imeandikwa mia na arubaini."

"Basi chukua ndogo. Inatosha na kumi zinabaki."

"Haitoshi. Ile ina mota. Mota ikianza kuzunguka inavuta mara tatu nne ya ilichoandikwa, kisha ndiyo inatulia. Hii ndogo itajizima kila ikiwashwa."

Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua, na moyoni sikuwa na hakika kama ni mara tatu au mara mbili. Lakini jambo lenyewe ni kweli, nimeliona kwa mafriji.

Ya kati ndiyo niliyoitaka. Niliigeuza huku na huku. Ilikuwa na skrubu nene za kukazia waya za betri, si vile vibanio vya meno vinavyochomoka gari likitikisika. Ilikuwa na kengele ya kulia betri ikishuka, ili uache kabla gari halijashindwa kuwaka. Nikamwambia Bakari anikatie waya wa shaba mnene, mfupi, wa kutoka kwenye betri, kwa sababu upande wa betri ndiko mkondo uliko mkubwa. Urefu ukihitajika, urefushe upande wa pili.

Mjomba Abudu akaiashiria ile kubwa kwa bakora.

"Na ile?"

"Ile ni nyingi mno, mjomba. Nasuru ana betri moja ya Pijo. Ukimpa mtu elfu moja ataitumia elfu moja, na betri ile haistahimili hata robo saa."

"Kwani lazima aitumie yote?"

"Watu ndivyo walivyo."

"Mtu hampelekei mama yake kitu cha katikati," akasema mjomba, na Bakari akaitikia kwa kichwa kumuunga mkono, kwa sababu mjomba ndiye aliyekaa kwenye kiti.

Nilikuwa bado nimeishika ile ya kati mkononi gari liliposimama nje. Akaingia mmoja wa wale wazungu wa nguo nyeusi. Hakusalimu. Alizitazama zile mbili za kaunta, kisha akatazama mkononi mwangu. Akainyooshea kidole.

Jamaa zangu, hili ndilo lililonichoma kuliko yote ya safari. Hakuninyang'anya. Mimi mwenyewe niliiweka juu ya kaunta na kurudi nyuma, kabla hajafungua mdomo. Alilipa, tena bila kupunguziwa, akasema ahsante kwa Kifaransa, akaondoka. Siwezi kusema ni mwizi. Huenda hakujua hata kama naitaka. Lakini mjomba Abudu, mwenye ndoa kubwa, anayeamkiwa na watu njia nzima, na yeye alikuwa amesimama akakiacha kiti wazi.

Bakari akafuta kaunta ambayo haikuwa na vumbi.

"Anaitaka ya nini?" nikauliza.

"Friji. La garini. Jumapili wanakwenda pwani, wanapenda vitu baridi."

"Ungemwambia imeshauzwa."

"Wewe uliyekuwa umeishika mbona hukumwambia?"

Nikamuuliza kama ana nyingine. Nyingine kama ile ingekuja na meli, labda mwezi ujao, labda mwezi wa baadaye. Kifua cha mama mdogo hakingojei meli. Ndogo haiwezi. Nikachukua kubwa, na mjomba Abudu akaona ameshinda.

Baharini

Nilikuwa na nafasi katika ndege ndogo ya kwenda Ouani, ndiko kiwanja cha Anzwani kilipo. Asubuhi ya safari tuliambiwa ndege imechukuliwa na wale wale wazungu, wana mizigo yao. Tulirudi mjini. Kesho yake hivyohivyo. Sikuona mizigo hiyo ni nini, na sitaki kubuni. Siku ya tatu nikapanda meli ndogo ya mizigo iliyojaa saruji na unga, inveta nikaipakata kama mtoto mchanga, maana chini palikuwa na maji.

Bahari ilichafuka. Mama mmoja wa Mutsamudu, Bi Moinaesha, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, alinipa ndimu ninuse na wali wa jana uliofunikwa kwa kawa. Nilimtapikia karibu na miguu, akasogeza miguu tu, akaendelea kuongea. Kumbe nyumba yake imegusana na ya mama mdogo Zakia.

"Hiyo ndiyo mashine ya Zakia? Lete niione." Akasoma kwenye sanduku. "Elfu moja. Na ile yake ya kuvutia inakula ngapi?"

Mtu mwenye akili angesema inakula yote. Mimi nikasema kweli.

"Mia na arubaini."

"Mia na arubaini katika elfu," akasema Bi Moinaesha polepole, akaitazama bahari kama mtu anayepiga hesabu ya karamu.

Tuliposhuka Mutsamudu alitangulia yeye. Nilipofika nyumbani kwa mama mdogo na mzigo wangu, mtaa mzima ulikuwa umeshajua kuna elfu moja.

Mutsamudu: waya

Sasa nilikuta jambo ambalo hakuna aliyelifikiri: si mimi, si Nasuru, si mjomba na bakora yake. Mji wa kale wa Mutsamudu hauingii gari. Vichochoro ni vya watu wawili kupishana kwa bega. Pikapu ya Nasuru inakaa chini, barabarani upande wa bandari, na mama mdogo yuko juu huko ndani. Wao wanaishi humo tangu wazaliwe, ndiyo maana hawakuliona.

"Basi atakuwa anateremka yeye," nikasema.

Nasuru akanitazama kama nimetukana. "Mama ateremke mchana, apite mbele ya wanaume pale chini, akae garini na barakoa usoni?"

Wanawake wa nyumba zile za kale hawapiti barabarani mchana. Wana njia zao za juu, vivuko vinavyounganisha nyumba na nyumba, wanatembeleana bila kukanyaga chini. Mama mdogo alikaa Unguja miaka mingi akienda sokoni kama mama zenu, lakini aliporudi kwao aliirudia na mila.

Mtasema tungeibeba betri juu. Tuliibeba. Bila injini ya kuichaji haikudumu, na asubuhi pikapu ikasukumwa na watu wazima huku abiria wa Ouani wakimngoja Nasuru na kumtolea maneno.

Ikabaki kuvuta waya. Inveta ikae garini, injini ingurume, na upande unakotoka umeme kama wa ukutani tuvute waya mrefu mpaka kitandani. Lakini waya mrefu hivyo Mutsamudu haukuwepo dukani. Hapo ndipo Bi Moinaesha alipopaza sauti kwenye vivuko, na kila nyumba ikatoa kipande chake: mmoja waya wa taa, mwingine wa feni mbovu, mwingine wa redio. Nilikaa sakafuni nikivisokota na kuvifunga kwa utepe. Niliona ni vyembamba. Nilijiambia kwa mia na arubaini vinatosha, na vilitosha.

Waya ukapita kwenye vivuko, yaani ndani ya nyumba za watu, kwa mlango huu ukitokea dirisha lile. Jioni ya kwanza mashine ilinguruma vizuri. Mama mdogo aliivuta ile dawa, akaniangalia juu ya barakoa, machozi yakamtoka. Nami pia. Kwa siku moja sikumkasirikia mtu.

Siku ya pili nikasikia redio kwa jirani. Umeme wa mji haukuwepo.

Nilimwendea mama mdogo. "Kuna mtu kaunga kwenye waya wako."

"Moinaesha. Aliniomba."

"Na feni ninayoisikia?"

"Hiyo ya Bwana Saidi. Mkewe ana mimba kubwa na joto hili."

"Mama mdogo, huu waya ni wa kifua chako."

"Waya ni wao, mwanangu. Wewe mwenyewe umeviunga vipande vyao. Nipitishe umeme chumbani mwa mtu, tena kwa waya wake, nimwambie usiguse? Hata sahani ya bokoboko haipiti mlangoni kwa jirani hivyohivyo."

"Bokoboko haliui."

"Umesema ni elfu moja. Mimi nala mia na arubaini. Zilizobaki nimfichie nani?"

Nilipanda na kushuka nyumba zile nikiwaeleza. Waliniita mwanangu, waliniita fundi, walinipa chai. Niliwaambia betri ni moja. Walisema naam. Nilisema feni moja na redio moja basi, isizidi. Walisema naam. Sijui kama sikueleza vizuri au hawakutaka kusikia. Huenda yote mawili.

Ijumaa

Ijumaa kabla ya swala kifua cha mama mdogo kilibana vibaya. Asubuhi kulikuwa na vumbi, walikuwa wanapakua unga bandarini. Nasuru alishuka akawasha pikapu, akaiacha inanguruma, akaenda kutia udhu. Mimi nilikaa kando ya kitanda. Mashine ikaanza, moshi ukatoka, bega lake likaanza kulegea. Kisha mlio wa mota ukashuka, ukawa kama wa nzi chupani, ukafa.

Aliishika barakoa kwa mikono miwili. Alikuwa anavuta na hakuna kitu.

Nikaufuata waya. Nilipiga hodi kwenye kivuko cha nyumba ya kwanza, nikangoja wanawake wajitande. Nilingoja kwa adabu, nyuma yangu nasikia kifua kinavyopiga filimbi. Nyumba ya pili sikungoja. Kama kuna niliyemkuta kichwa wazi naomba radhi, sikuona kitu, nilikuwa natazama waya.

Nyumba ya Bwana Saidi ilikuwa na harufu ya plastiki inayoungua. Bwana Saidi ni mtu mzima, mpole, karani mstaafu wa bandari. Alikuwa amesimama na msuli na fulana mbele ya meza, kanzu imetandikwa, mkononi pasi. Pasi ya umeme. Upande mmoja wa kanzu umenyooka, upande wa pili bado.

"Umezimika," akaniambia, kama ananipa habari.

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Kwa haki nieleze alivyofikiri, kwa sababu alinieleza baadaye nami namwamini. Feni ni kubwa na ina kelele, ikaonekana inakula sana. Redio inaongea saa nzima. Pasi ni ndogo, iko kimya, na kanzu ni ya mara moja. Akaichomoa feni kwanza, ili asizidishe. Aliichomoa feni! Hakujua kwamba pasi peke yake inakula elfu nzima, kwamba kila kinachotoa moto ndicho mlafi. Angejuaje? Mimi nilitaja feni na redio. Pasi sikuitaja.

Lakini wakati ule sikuwa na haki kichwani. Kiungo cha waya kwenye dirisha lake kilikuwa kimeyeyuka na kuungana na ukuta. Hakuna waya tena. Iliyobaki ni kumpeleka mama mdogo kwenye gari.

Bwana Saidi hakubisha. Alivaa ile kanzu nusu pasi akatoka, akawaita wanaume waliokuwa wanapita kwenda msikitini. Walipanda wanne na kiti cha mikono. Mama mdogo alipowaona alitikisa kichwa. Hana pumzi, midomo imebadilika rangi, na anatikisa kichwa: mchana, hapana. Bi Moinaesha ndiye aliyemaliza maneno. Alivua shiromani yake, ile nguo nyekundu na nyeupe wanayojitanda wanawake wa Anzwani, akamfunika juu ya yake mpaka usoni.

"Sasa hakuna anayejua ni wewe au ni mimi. Kaa kwenye kiti."

Kwenye kona za vichochoro kiti kilikuwa hakipiti, wakakiinua juu ya vichwa. Nyuma walifuata wanawake waliotoka majumbani mchana ule, wamemzunguka, mimi na mashine kifuani nakimbia mbele. Pikapu ilikuwa imezima. Inveta ilikuwa inalia kengele yake, pasi imeimaliza betri, na injini nayo imekufa. Nikasema sukumeni. Wakasukuma, na kanzu zao za Ijumaa, vumbi la unga limewajaa mpaka kifuani, Bwana Saidi nyuma kabisa bega limegusa chuma. Nasuru alikuja mbio na miguu mibichi ya udhu, akarukia usukani, injini ikashika. Nikabonyeza kidude cha kuirudisha inveta. Mota ikazunguka.

Alikaa pale kiti cha mbele, shiromani mbili kichwani, moshi wa dawa unatoka chini ya nguo. Hotuba ilikuwa imeshaanza msikitini. Hakuna aliyeondoka mpaka bega lake liliposhuka.

Ndipo nikamgeukia Bwana Saidi. Nilimwambia angemuua kwa sababu ya mikunjo ya kanzu. Nilisema mbele ya watu, kwa Kiswahili, na alielewa. Akainamisha kichwa. Kutoka ndani ya nguo ikaja sauti ndogo, kavu.

"Usimtukane jirani yangu. Wewe utaondoka."

Alasiri ile niliukata waya wote. Nilimrudishia kila mtu kipande chake, mlango kwa mlango, sikunywa chai ya mtu. Kile kiungo kilichoyeyuka nikakitia mfukoni. Nikamwambia mama mdogo atakuwa anateremka magharibi, giza likiingia, akae kwa Nasuru garini. Akasema sawa. Alisema upesi mno.

Ouani na nyumbani

Ouani nilingoja ndege tangu asubuhi. Bwana Saidi alikuja kuniaga, amepanda pikapu nyuma na mizigo. Alileta mkate wa sinia uliopikwa na mkewe, bado wa moto ndani ya kitambaa. Hakuomba msamaha wala mimi sikumwomba. Tulikaa ukutani tukitazama njia ya ndege.

"Ile ya mia sita ingekuwepo," akasema, maana Nasuru alishamsimulia, "nisingethubutu kuomba hata redio."

Nimelifikiri sana neno hilo. Kweli tupu. Lakini na mimi nisingesema ngapi zinabaki, labda. Na mzungu asingetaka vinywaji baridi, labda. Nikianza kugawa lawama kwa haki kila mtu anapata kipande, na kipande cha kila mtu ni chembamba, nami hasira zangu ni nene. Hilo ndilo linaloniudhi. Nilikula mkate ule ndani ya ndege. Ulikuwa mtamu, na hilo nalo liliniudhi.

Sasa mniulize yuko vipi. Juzi amepita hapa kijana wa Mutsamudu anayesoma Dar es Salaam, alikuwa kwao likizo. Mama mdogo mzima. Waya umeshatandikwa tena, vipande vilevile, nyumba zilezile. Redio ipo, feni ipo, mtoto wa Bwana Saidi amezaliwa. Pasi tu ndiyo imepigwa marufuku, na Bi Moinaesha kila Ijumaa asubuhi anapita vivukoni kukagua meza za watu.

"Bi Zakia amenituma nikuulize," akasema yule kijana, "kama bado umekasirika."

Nikamwambia amwambie ndiyo, bado. Kisha nikamfungia waya niliokuwa nimeupata kwa fundi mmoja Mwembeladu, mnene, wa shaba, mmoja toka mwanzo hadi mwisho, hauna kiungo hata kimoja. Nilimwambia ampe na huo.